Tunalala Sebuleni kwa Shemeji: Shule Inatakiwa Itufanyie Nini?

Wasomaji wangu hamjambo. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya kodi za nyumba zinavyopanda huku Marekani na watu wanavyotolewa vitu nje, nikajua nitaletewa barua za kuwasema wenye nyumba, kumbe wengi mmeuliza shule. Mtu kapoteza nyumba, kabanana kwa ndugu au yuko moteli, na kinachomkosesha usingizi ni mtoto atasoma wapi Jumatatu. Basi safari hii ukurasa wote tunaupa hilo. Majina nimeyatoa, barua ndefu nimezipunguza, ila lugha nimeacha kila mtu na ya kwake.

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mama wa watoto watatu, tuko karibu na Columbus, Ohio. Baba yao alipunguziwa masaa kwenye ghala anapofanya kazi, kodi ikatushinda, tukapelekwa kortini tukatolewa. Sasa tuko kwa shemeji yangu, apatimenti ya vyumba viwili, wao watano na sisi watano, sisi tunalala sebuleni. Shule waliyokuwa wanasoma wanangu iko upande wa pili wa mji na gari tumeshauza. Nikaenda kuwaandikisha shule ya hapa karibu, yule dada wa ofisini akasema nilete mkataba wa nyumba wenye jina langu au barua ya shemeji yenye mhuri wa notari. Shemeji anaogopa kusaini maana mkataba wake umeandikwa watu watano tu. Watoto wako nyumbani wiki ya pili wanaangalia TV. Nifanyeje?* (Mama Watatu)

Marahaba mama, na pole kwa yaliyowakuta. Kwanza huyo dada wa ofisini kakosea, inawezekana hajui maana sheria yenyewe makarani wengi hawajafundishwa, lakini kakosea, na watoto wako walitakiwa wakae darasani siku ile ile uliyoingia pale.

Iko sheria ya nchi nzima inaitwa McKinney-Vento. Hayo majina mawili yaandike kwenye simu yako, ndo ufunguo wenyewe. Ni majina ya wabunge, Stewart McKinney wa Connecticut na Bruce Vento wa Minnesota, mmoja Republican mwingine Democrat, na Rais Reagan ndo aliyeisaini mwaka 1987. Imefanyiwa marekebisho mara kadhaa tangu hapo, ya mwisho makubwa ni ya 2015. Inasema mtoto yeyote asiye na mahali pa kulala pa kudumu, pa uhakika na panapofaa, ana haki ya kusoma kama mwenzie mwenye nyumba. Na haihesabu wale wa kulala kwenye gari au makazi ya dharura peke yao. Familia iliyopoteza nyumba au iliyoshindwa kodi ikaenda kubanana kwa ndugu au rafiki inahesabiwa vilevile, imeandikwa humo. Kwa hiyo nyie sebuleni kwa shemeji mmo.

Hapa ndo watu wetu wengi tunapopotelea. Kwetu kukaa kwa shemeji si jambo la ajabu, ndugu kakupokea, mnakula mnalala maisha yanaenda, nani atajiita hana makazi wakati yuko kwa kaka wa mumewe? Sasa ukienda kuandikisha mtoto, kwenye lile furushi la fomu huwa kuna karatasi moja inauliza familia inalala wapi usiku, ina viboksi vya kutiki: makazi ya dharura, hoteli au moteli, gari au hema au sehemu ya wazi, halafu kuna kile kinachosema mnaishi na watu wengine kwa sababu mmepoteza nyumba au mna shida ya hela. Wazazi wengi wanakiruka, wanashuka moja kwa moja kwenye mstari wa adresi, wanajaza ya shemeji, wanasaini, wanaondoka. Kompyuta ya shule inasoma huyu mtu ana adresi, basi alete mkataba. Ungekitiki hicho kiboksi mambo yangekwenda njia nyingine kabisa.

Kwa hiyo rudi pale kesho, na ukifika usianze kuelezea kesi ya kortini na ghala na gari, sema tu kwamba tumepoteza nyumba, tunakaa kwa ndugu, nataka watoto waandikishwe leo chini ya McKinney-Vento na naomba kuonana na mratibu. Kila wilaya ya shule nchi hii, kubwa kwa ndogo, lazima iwe na mtu aliyepewa kazi hiyo ya kuangalia wanafunzi wasio na makazi, jina lake na simu yake unatakiwa uvipate ofisini au kwenye tovuti ya wilaya. Karani akikwambia hamjui mtu huyo mwambie apige makao makuu ya wilaya aulize. Mkataba wa nyumba hautakiwi, mhuri wa notari hautakiwi. Hata kama huna cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo au ripoti za shule ya zamani mtoto anaingia darasani kwanza, karatasi zinatafutwa baadaye na kuzitafuta ni kazi ya shule na mratibu, si ya kwako peke yako. Deni la vitabu kule walikotoka nalo si sababu ya kumzuia.

Shemeji mwambie atulie. Habari za wapi mtoto analala sheria imeziweka kwenye fungu moja na rekodi zake za masomo, yaani ni siri, hazigawiwi ovyo na shule haina sababu ya kumpigia mwenye nyumba wake. Hilo la watu kumi kwenye mkataba wa watu watano linabaki kuwa mgogoro wake yeye na mwenye nyumba siku ukitokea, mimi siwezi kumtetea huko, ila hautatokea kwa sababu watoto wameandikishwa shule.

Sasa kabla hujawahamisha fikiria. Una haki ya kuwaacha kwenye shule yao ya zamani, ile ya upande wa pili wa mji, na shule ndo inatakiwa iwatafutie usafiri wa kwenda na kurudi, wewe kazi yako ni kuomba. Inaweza kuwa basi la njano, inaweza kuwa kadi ya basi la mji kwa wakubwa, wilaya zingine zinalipia teksi au vani, zingine zinamrudishia mzazi hela ya mafuta. Kama mmevuka wilaya, basi wilaya mbili zinakaa zinaelewana nani analipa, zikishindwana zinagawana nusu kwa nusu, hayo hayakuhusu. Haki hiyo inaendelea muda wote ambao hamna nyumba, na hata mkipata nyumba mwezi wa pili mtoto anamalizia mwaka wa shule pale pale. Mi nakushauri usikilize watoto wenyewe, wameshapoteza chumba chao na vitu vyao, mwalimu na marafiki ndo kitu pekee hakijahama. Lakini kama safari ni saa nzima na nusu kila upande na mmoja yuko chekechea, hapo hata mimi ningemhamisha huyo mdogo nikamwacha mkubwa. Si lazima wote waende njia moja.

Ukiomba usafiri Jumanne usitegemee gari Jumatano, kupanga kunachukua siku kadhaa, kwa hiyo uliza hapo hapo hizi siku za katikati mtatusaidiaje. Chakula cha shule kitakuwa bure, hiyo haina fomu ya mshahara, mratibu akishaingiza majina yao imekwisha. Uliza pia sare kama shule inavaa sare, mabegi, viatu, makoti ya baridi. Na wakikukatalia lolote kuhusu kuandikishwa usibishane dirishani, waambie wakuandikie kwa karatasi kwamba wamekataa na kwa nini, na wakueleze unavyokata rufaa, maana lazima wafanye hivyo, na wakati rufaa inaendelea mtoto anasoma kwenye shule unayoitaka wewe. Nikwambie ukweli, mara nyingi mtu akisikia neno la kuandika kwa karatasi anapiga simu ndani na jibu linabadilika.

*Jambo Shangazi. Mi niko mama ya batoto bane, tulikuya hapa Louisville kutoka kampi ya Nyarugusu. Ile shirika ilitusaidia miezi tatu tu, kiisha tukabaki peke yetu, nyumba ikatushinda. Sasa tuko ku moteli, tunalipa kila wiki. Ku masomo banauliza adresi, mi naogopa kusema moteli juu mutu moja ya kanisa alisema serikali ikijua hatuna nyumba itakamata batoto. Ni kweli? Nisaidie mama.* (Mama wa Bane)

Mama, karibu sana, na asante kwa kuuliza badala ya kubaki na hofu ndani.

Huyo mtu wa kanisa hakukutakia mabaya lakini kakutisha bure. Kukosa nyumba peke yake si kosa la mzazi na majimbo mengi yameandika kabisa kwenye sheria zao kwamba umaskini tu hauitwi kutelekeza mtoto. Moteli ya kulipia kila wiki kwa sababu hamna kwingine pa kwenda imetajwa kwenye sheria ileile ya McKinney-Vento niliyomweleza mama wa Ohio hapo juu, kwa hiyo haki zote hizo, kuandikishwa bila karatasi, usafiri, chakula, ni za watoto wako pia. Mratibu wa shule kazi yake ni kuwaingiza watoto darasani, hakuajiriwa kuwatoa mikononi mwa mama zao.

Lakini sitaki nikufiche kitu, mwalimu na mfanyakazi yeyote wa shule Marekani akiona dalili mtoto anapigwa, anaumizwa au anaachwa peke yake usiku kucha bila chakula, sheria inamlazimisha aripoti, na hiyo ni kwa tajiri na maskini. Kwa hiyo tofautisha hayo mambo mawili. Kusema tunakaa moteli ni kuomba msaada. Unapoficha, unaandika adresi ya mtu wa kanisa, halafu barua za shule zinaenda huko zinarudi, mtoto anachelewa kila siku maana anabadilisha mabasi, anakosa siku nyingi, hapo ndo shule inaanza kuuliza huyu mtoto ana shida gani nyumbani. Utoro ndo unaoleta watu mlangoni kuliko moteli.

Na kingine, lugha. Shule inatakiwa ikuletee mkalimani bure kwenye mambo ya mtoto, sema unataka Kiswahili, na kama Kiswahili cha Kongo ndo unachokielewa vizuri waambie mapema wasije wakakuletea mtu wa Pemba mkaanza kuangaliana. Usimtumie mtoto wako wa miaka kumi akutafsirie habari za kutolewa nyumba. Anaelewa yote na usiku halali.

*Niaje Shangazi. Mi niko mwaka wa mwisho high school, Minneapolis, nina miaka 17. Mathe aliolewa na jamaa hatuelewani, mwezi wa tisa alinifukuza, mathe hakusema kitu. Nakaa kwa beste yangu, mamake ni mtu poa lakini si gadiani wangu. Shule wakitaka sahihi ya mzazi naipiga mwenyewe. Nataka kuenda college na ile fomu ya msaada wa pesa inataka mshahara wa mathe na wa huyo jamaa, na siwezi kuwauliza. Nimekwama?* (Kijana wa Twin Cities)

Poa mwanangu. Hujakwama, ila acha kupiga sahihi za mzazi, utajiharibia kwa kitu ambacho hata hukihitaji.

Sheria inakutambua wewe kama wewe. Kijana asiye na makazi na asiyekaa na mzazi wala mlezi ana nafasi yake humo ndani, anaweza kujiandikisha mwenyewe, kukaa kwenye shule yake, kuomba usafiri, na mratibu ndo anatakiwa akusimamie kwenye hayo yote. Kwamba ulifukuzwa au uliondoka kwa hasira, kwamba nani alikosea, shule haiamui hilo na haitakiwi kukunyima kwa hilo. Najua wazazi wengine watanikasirikia kwa kuandika hivi, watasema namfundisha mtoto kukaa nje. Mtoto ameshatoka jamani, swali lililobaki ni atamaliza shule au hatamaliza.

Hiyo fomu unayoisema ni FAFSA. Kwa kawaida hadi utimize miaka 24 wanakuhesabu uko chini ya wazazi wako na wanataka mishahara yao, isipokuwa kwa watu wachache, na kijana aliye peke yake bila makazi ni mmoja wao. Kuna swali ndani ya fomu linalouliza hilo, jibu ndiyo, na hutaandika mshahara wa mama yako wala wa huyo jamaa wala kuhitaji sahihi zao. Watataka mtu athibitishe, na mratibu wa McKinney-Vento wa wilaya yenu anatosha, unamwomba barua. Usisubiri mwezi wa tano ukishavaa joho, muone wiki hii, maana wakati wa likizo ofisi hizo zinakuwa tupu na barua yenyewe utaihitaji chuo kikikuuliza. Mkurugenzi wa makazi ya vijana naye anaweza kuiandika kama umepitia huko, na ukikosa kabisa ofisi ya msaada wa fedha ya chuo inatakiwa isikilize kesi yako yenyewe, isikwambie tu nenda kamlete mama. Ukishakubaliwa mwaka wa kwanza kwenye chuo hicho, miaka inayofuata hawatakiwi kukurudisha mwanzo kama hali yako haijabadilika.

Mwambie mratibu pia habari ya ada ya SAT, ule mtihani wa kuombea chuo, ada za maombi ya vyuo, hela ya joho, na kama kuna masomo uliyaachia katikati ulipohama aangalie usipoteze alama za nusu muhula, sheria ya 2015 ilitaka shule zihesabu hata kazi ya nusu. Na mamake beste yako mnunulie hata soda siku moja.

*Hatuna karatasi. Tulitolewa nyumba. Tukisema kwenye shule hatuna makazi si watatuuliza na karatasi?* (Msomaji, ameomba tusitaje mji)

Shule haitakiwi kuuliza karatasi za uhamiaji za mtoto wala za mzazi. Jimbo la Texas lilitaka kutolipia masomo ya watoto wasio na karatasi, kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi, inaitwa Plyler na Doe, na mwaka 1982 majaji watano dhidi ya wanne wakasema watoto hao wasome bure kama wengine. Hukumu hiyo bado ndo inayotumika hadi leo ninavyoandika. McKinney-Vento nayo haina sehemu inayouliza uraia. Namba ya Social Security si lazima, wakiiomba acha wazi. Ukiulizwa mnalala wapi jibu mnalala wapi, basi, usiongeze hadithi ya mlikotoka na mliingiaje. Mambo mengine ya uhamiaji kwa sasa hivi yanabadilika sana, huko ongea na wakili wa kweli, si fundi wa fomu wa mtaani.

*Shangazi, mimi ndiye ninayewapokea hao watu. Mdogo wangu na familia yake wako kwangu tangu Krismasi, maji, umeme, chakula, yote mimi. Na wanangu je, na wao watapata hivyo vitu vya shule?* (Mwenyeji aliyechoka, Phoenix)

Hapana ndugu yangu, nyumba ni yako kwa hiyo wanao hawahesabiwi. Lakini chakula cha bure cha kawaida kinaangalia mshahara na idadi ya watu wanaokula pamoja kama nyumba moja, jaza fomu yake, na shule nyingi siku hizi zinalisha kila mtoto bila kuuliza. Pole kwa mzigo. Mwambie mdogo wako anunue hata mchele.

*Shangazi, nimechanganyikiwa. Shule wametuambia familia yangu inahesabika haina makazi, wakatupa kadi ya basi na makoti. Nikachukua karatasi yao nikaenda ofisi ya nyumba niombe kusaidiwa kupanga, wakasema nyinyi mko kwa ndugu, hamhesabiki. Sasa nani mkweli?* (Baba Neema, Des Moines)

Wote wawili baba, na hiyo inaniudhi kuliko swali lolote la leo.

Serikali ni ile ile moja lakini ina vipimo viwili. Idara ya elimu inatumia kipimo cha McKinney-Vento ambacho kinawajumuisha waliobanana kwa ndugu na wanaojilipia moteli. Idara ya nyumba, HUD, kwa misaada yake mingi inatumia kipimo chembamba, uwe kwenye makazi ya dharura au unalala mahali pasipo pa binadamu kulala, au uonyeshe kwamba unatolewa ndani ya siku 14 na huna pa kwenda. Ukiwa na shemeji mwenye huruma umeshajiondoa kwenye foleni. Ndo maana hesabu zao hazifanani: mwaka wa shule 2022–23 shule zilihesabu wanafunzi karibu milioni 1.4 wasio na makazi, kama robo tatu yao wamebanana kwa watu, wakati HUD usiku mmoja wa Januari 2023 ilihesabu watu wa rika zote nchi nzima wakafika 653,000 hivi. Ni kweli mmoja anahesabu mwaka mzima na mwingine usiku mmoja, lakini hata ukiondoa hiyo tofauti bado watu wa sebuleni hawamo.

Kwa hiyo usitegemee karatasi ya shule ikupatie nyumba, shule haina nyumba. Kitu cha kufanya ni kuangalia hizo siku 14, kama ndugu yako ameshawaambia lazima mtoke tarehe fulani mwombe aandike barua ya kusema hivyo, ipeleke ofisi ya nyumba, na mwombe mratibu wa shule awapigie simu yeye mwenyewe, maana kushirikiana nao ni sehemu ya kazi yake na simu ya mtu wa ofisi kwa mtu wa ofisi inapokelewa. Jiandikishe pia kwenye foleni ya vocha za nyumba, zile serikali inakusaidia kulipa kodi, hata kama ni ndefu.

Na msiwategemee hao waratibu kama malaika. Nimeshafanya nao kazi, wengi wao wana vyeo vingine vitatu, huyo huyo ni wa ustawi wa jamii, ni wa utoro, ni wa watoto wanaolelewa na walezi, na ana wanafunzi mia kadhaa kwenye daftari. Mwaka 2021 baada ya korona serikali ilitoa dola milioni 800 za dharura kwa kazi hii, zimeshakwisha. Bajeti ya kawaida ya mwaka 2023 ilikuwa dola milioni 129 nchi nzima, gawanya kwa wale watoto milioni 1.4 uone, haifiki dola 100 kwa mtoto kwa mwaka, koti moja na viatu. Na wilaya nyingi hazipati hata hizo, ila sheria inazibana vilevile. Kwa hiyo mratibu asipokupigia siku mbili mpigie wewe, mtumie imeili ili kuwe na maandishi, na uwe mpole lakini usichoke.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni msaidizi wa mwalimu darasa la nne huko St. Paul. Kuna mtoto wa Kiswahili, wiki hizi analala mezani, anabeba begi lake hadi chooni, anaficha vipande vya mkate wa mchana mfukoni. Mama yake akija kumchukua namsalimia kwa lugha yetu anajibu haraka anaondoka. Nina wasiwasi hawana nyumba. Nimuulize?* (Mwalimu Msaidizi)

Marahaba. Mtoto usimuulize, hasa si mbele ya wenzie, na neno lenyewe la kukosa nyumba usilitamke darasani hata kwa kunong'ona. Begi la kwenda nalo chooni na mkate wa mfukoni ni dalili ambazo waratibu wenyewe hufundishwa kuziangalia, kwa hiyo umeona vizuri. Bruce Vento mwenyewe, huyo wa kwenye jina la sheria, alikuwa mwalimu hapo jirani Minneapolis kabla ya kwenda bungeni.

Nenda kwa mratibu leo au mwambie mshauri wa shule, waeleze ulichokiona, si ulichokidhania. Kwa mama yake nenda taratibu. Anakukimbia kwa sababu wewe ni mtu wa kwetu, anaogopa Jumapili habari zake zitakuwa zimefika msikitini au kanisani kabla yake, na tusijifanye, mara ngapi zimefika? Siku moja mpe tu ile karatasi ya haki za wazazi, mratibu anazo na pengine ipo ya Kiswahili, ipe kama unayompa kila mzazi, mwambie hii wametuambia tugawe, halafu muache aende. Akirudi kuuliza atakuja mwenyewe, na akikuuliza mbele ya watu mwambie tuongee kwa simu.

Darasani yapo mengi unayoweza bila kuuliza chochote. Mruhusu akae na begi. Mwombe nesi amuachie alale dakika ishirini asubuhi. Shule nyingi zina kabati la vitafunwa, mjazie mfukoni Ijumaa kabla ya wikiendi, mpe kitu kisichohitaji jiko wala friji. Na hiyo kazi ya mwezi ujao ya mfano wa nyumba ya kadibodi na gundi, ambayo kila mtoto anaambiwa akaitengenezee nyumbani na baba yake, mshauri mwalimu wako ifanyikie darasani kwa wote, na vifaa mtoe nyie.